Waya wa Tatu

Siku tulipofika Mtito Andei, watu watano nyuma ya pikapu, mwenye baa alitupokea kwa nyama ya mbuzi. Aliikata mwenyewe, akala nasi kutoka sinia moja, akacheka hadithi zetu za njiani, akatuonyesha vyumba viwili nyuma ya jikoni ambavyo vingekuwa vyetu. Kisha, mikono yake ikiwa bado ina mafuta, akatuomba vipande vyetu vya utambulisho.

"Bendi iliyowatangulia ilitoroka na gitaa langu," alisema. "Nyinyi si watu wa namna hiyo, nyuso zenu naziona. Lakini acheni niviweke kwenye sefu visije vikapotea. Hapa ni nyumbani kwenu."

Tulimpa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na sikudhani kitambulisho kidogo vile kinaweza kumfunga mtu kuliko mlango wa chuma. Ilikuwa miaka ya themanini. Polisi walikuwa na vizuizi pande zote mbili za mji, na mtu asiye na kipande alishushwa garini akaenda kujieleza kituoni. Nje ya barabara ilikuwa Tsavo, yenye ndovu na simba wake. Hakuna mtu aliyetoka Mtito kwa miguu.

Mwenye baa tulimwita Tajiri, kama alivyoitwa na kila mtu pale. Zamani alikuwa dereva wa lori, na ile baa aliijenga tofali kwa tofali kila alipopita. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Mmoja wetu akiugua, alimpeleka zahanati kwa gari lake mwenyewe. Ukimwomba ruhusa ya kwenda kwenu, alikushika bega na kukuambia, "Ngoja mwezi huu uishe." Mwezi ukiisha, ulikuwa umeshaingia mwingine wenye sikukuu, na bendi haiwezi kupungua mtu wakati wa sikukuu. Laiti angekuwa mkali, labda tungemkasirikia mapema.

Mimi nilipiga besi, lakini kazi yangu hasa ilikuwa ufundi. Nilizaliwa karibu na Tseikuru, kwa watu wa mbuzi na ng'ombe, nikaenda Kitui mjini nikiwa kijana na kuajiriwa katika duka la kutengeneza redio. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani. Kiswahili chake kilinifanya nikionee haya changu. Miaka minne nilikaa kwenye benchi lake. Alinifundisha kusikiliza kabla ya kushika bisibisi. "Mashine inakwambia yenyewe inaumwa wapi," alizoea kusema. "Wewe una haraka ya kuifungua tumbo."

Rafiki yangu katika bendi alikuwa mwimbaji wetu, ambaye pia ndiye aliyepiga gitaa la solo. Alitoka upande wa Mwingi. Tulilala chumba kimoja, kitanda changu dirishani na chake mlangoni. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye vidole virefu ambavyo hata akiwa amelala vilikuwa vikibonyeza blanketi. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka, akanichotea maji ya kuoga kwenye karai bila kuombwa.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda. Bugi, yaani dansi la mchana, lilipigwa Jumamosi na Jumapili mchana, wakati madereva wanapumzisha magari na watu wa mji wametoka kanisani, ingawa wale wa kanisani walipita upande wa pili wa barabara wakitazama mbele. Kisha Tajiri akajenga ukumbi mpya, ubavuni mwa baa ya zamani. Aliuwekea jukwaa la saruji, taa ndefu za mwanga mweupe, na njia yake mpya ya stima. Siku tuliyohamisha vyombo, mwimbaji aliwasha amplifaya ya gitaa kabla hata hajapiga uzi mmoja, na ukumbi ukajaa mvumo.

Sijui nieleze vipi. Haikuwa kelele kubwa. Ilikuwa sauti ya chini, nzito, isiyopumua, kama nyuki walio ndani ya ukuta. Ukipiga gitaa kwa nguvu iliwezekana kuisahau. Ukinyamaza kati ya wimbo na wimbo, ilikuwepo. Ukitaka kuimba taratibu, ilikuwa inaimba na wewe.

Tajiri alisimama katikati ya ukumbi wake mpya, kofia mkononi. "Hiyo ni nini?"

"Nitaitafuta," nikamwambia.

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Nilichomoa gitaa, mvumo ukabaki. Kwa hivyo haukutoka kwenye gitaa. Nilipunguza sauti mpaka mwisho, ukapungua kidogo tu. Nikaifungua amplifaya ile juu ya meza ya jikoni. Ilikuwa ya zamani, ya zile zenye taa za kioo ndani, tulizoziita valvu. Nikazichomoa moja moja kuanzia ile ya kwanza, nikisikiliza kila mara kama mvumo unakatika. Nikakuta kondensa mbili kubwa zimevimba kama mikebe ya nyama iliyooza. Kazi yake ni kuulainisha umeme, na zikichoka, umeme huingia kwenye spika ukiwa bado na mikwaruzo yake. Nikaagiza nyingine kwa dereva aliyekuwa akielekea Mombasa. Zilifika baada ya siku tisa. Nikazilehemu, nikawasha, na ile mikwaruzo ikaondoka.

Lakini chini yake, ule mvumo mzito ulibaki. Sasa ulisikika vizuri zaidi kwa sababu ulikuwa peke yake.

Nilipokuwa mle ndani niliona kitu kingine. Transfoma ilikuwa imeungua upande mmoja, na karatasi inayotenga nyaya zake ilikuwa nyeusi, inapukutika ukiigusa. Nilimwambia Tajiri tuibadilishe. Akauliza kama ndiyo inayovuma. Nikasema hapana, siyo. "Basi iache," akasema, "tafuta inayovuma."

Nilitafuta wiki nne. Nilizima zile taa ndefu za ukumbini, nikazima friji, nikafunga nyaya kwa karatasi ya fedha ya pakiti za sigara. Niliibeba amplifaya mpaka kituo cha petroli cha jirani, nikaomba soketi, nikaiwasha. Ikanyamaza kama maji mtungini. Nikarudi nayo ukumbini, nikaiunganisha, ikavuma. Wenye kituo cha petroli walinicheka. Mimi nilikuwa karibu kulia.

Tajiri alianza kunitazama kwa namna nyingine. Jumapili moja alipokuwa akifunga kaunta aliniita.

"Ile kitu ikienda kwa jirani inanyamaza," alisema. "Ikija kwangu inapiga kelele. Na fundi ni yule yule."

"Ni nyumba, Tajiri. Ni stima ya nyumba."

"Nyumba yangu ni mpya." Alifungua sefu, akaweka daftari lake ndani, akaifunga. "Wewe unataka nichoke nawe nikufukuze. Mimi sichoki."

Ni kweli nilitaka kuondoka. Mke wangu alikuwa amejifungua kule Tseikuru miezi mitano kabla, mtoto wa kike, na habari ile niliipata kwa barua iliyozunguka Kitui na Machakos kabla ya kunifikia. Barua ya pili ilisema mtoto amepewa jina la mama yangu na anaanza kukaa. Niliomba ruhusa mara tatu. Ngoja mwezi huu uishe. Lakini sikuwa nimeuweka mvumo ule makusudi, na sasa sikuweza kuthibitisha. Kila nilipouacha nilionekana mjeuri, na kila nilipoushughulikia nikashindwa nilionekana mjeuri zaidi. Nikawa nausikia hata stima ikiwa imezimwa. Nikila, nilikuwa nausikia kwenye meno.

Siku niliyoupata, sikuwa nautafuta. Nilikuwa nimesimama nje nyuma ya jikoni nikinawa uso, nikaona chuma kinatoka ardhini ukutani mwa ukumbi mpya, na waya mnene umefungwa juu yake. Hatua kumi na tano kutoka pale, ukutani mwa baa ya zamani, kulikuwa na chuma kingine kama hicho. Nikabaki na povu la sabuni machoni.

Kila jengo lilikuwa na ardhi yake, yaani njia yake ya kupeleka umeme udongoni. Amplifaya ya gitaa ilikaa jukwaani, ikala stima ya ukumbi mpya. Amplifaya ya pili, ile ya maikrofoni, ilikaa kaunta katika jengo la zamani, ambako Tajiri hakumruhusu mtu kuigusa, kwa sababu alipenda kukatiza nyimbo na kuwakaribisha madereva kwa sauti yake. Na mbili hizo tuliziunganisha kwa waya mrefu wa sauti uliopita sakafuni, ili gitaa lisikike pia kwenye spika ya tarumbeta iliyoelekea barabarani. Kwa hivyo zilikuwa zimeungana juu kwa waya na chini kwa udongo, na umeme mdogo ulikuwa unazunguka humo mchana kutwa. Ndio tuliousikia.

Nilikimbia kwa Tajiri nikiwa na furaha ya mtoto. Nikamweleza. Dawa ilikuwa rahisi: amplifaya zote mbili zipate stima kutoka soketi moja. Ama ile ya maikrofoni ihamie jukwaani, ama waya mrefu wa stima utoke kaunta upite darini mpaka jukwaani.

"Hiyo ya maikrofoni haitoki kaunta," akasema. "Na mimi sitaki nyaya zinaning'inia kwenye ukumbi wangu kama kamba za nguo."

"Basi mvumo hautatoka."

"Hakuna njia nyingine?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Niliangalia sefu iliyokuwa nyuma yake. "Iko moja," nikasema.

Plagi ina meno matatu na ndani yake nyaya tatu. Mbili huleta umeme na kuurudisha. Ule wa tatu, waya wa ardhi, siku zote haufanyi kitu, na unaweza kuukata chombo kikaendelea kufanya kazi kama kawaida. Kazi yake huja siku kitu kinapoharibika ndani. Siku hiyo huuchukua umeme na kuupeleka udongoni kabla haujampata mtu. Ukiukata upande mmoja, ule mzunguko unavunjika na mvumo unakufa. Mafundi wengi hufanya hivyo. Yule mzee wa Kitui alinikuta siku moja nimeukata kwenye pasi ya mteja kwa sababu ulikuwa mfupi, na ndiyo mara pekee aliyonipandishia sauti. "Umemkatia mtu kamba kisimani," alisema, na akanifanya niuunge tena mbele ya mteja.

"Ukiitoa hiyo kelele," Tajiri akasema, "kesho nakupa kipande chako uende ukaone mtoto. Wiki mbili. Mimi ni mzazi pia."

Ilikuwa Ijumaa, saa sita mchana. Nilikwenda jukwaani, nikafungua plagi, nikaukata waya wa tatu, nikaufunika ncha kwa utepe mweusi, nikafunga. Nikajiambia kwamba ule waya mrefu wa sauti bado ulikuwa umeifunga amplifaya kwa ile ya kaunta, na kwa hivyo ilikuwa na ardhi, ya kuazima. Hilo lilikuwa kweli, mradi waya ule usichomoke. Nikawasha.

Kimya. Mama wa jikoni alitoka na mwiko mkononi kuangalia kumetokea nini. "Aiya! Imenyamaza!" Mwimbaji alipanda jukwaani, akapiga uzi mmoja tu kwa kidole gumba, sauti safi ikatembea mpaka mwisho wa ukumbi ikarudi. Akanikumbatia.

"Ulifanya nini?" akaniuliza.

"Ilikuwa plagi," nikasema.

Sikumwambia zaidi ya hapo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kama ningemwambia asiguse maikrofoni kwa mdomo huku ameshika gitaa, angeuliza sababu, na akijua sababu angekataa, na akikataa nisingeondoka. Jibu nimekuwa nalo siku zote. Ninachofanya ni kulizunguka.

Tajiri alitimiza ahadi. Asubuhi ya Jumamosi alinikabidhi kipande na mfuko wa machungwa kwa ajili ya mtoto. Nilipanda lori la saruji mpaka Kibwezi, ambako nilitegemea kupata gari la kuvuka mto Athi kwenda Mutomo na Kitui. Kwenye kizuizi cha polisi nilitoa kipande changu hata kabla sijaulizwa. Askari alinirudishia bila kukitazama.

Kibwezi hakukuwa na gari. Mto ulikuwa umejaa, wakasema, pengine kesho. Nikakodi kitanda, na Jumapili asubuhi nikakaa kwenye hoteli ndogo karibu na mahali magari yalipokuwa yakijazwa, machungwa miguuni. Nilikuwa huru. Nilikuwa nimeshika chai ya moto na kipande kiko mfukoni, lakini akili ilikuwa Mtito. Niliiona ile transfoma, karatasi yake nyeusi inapukutika, umeme ukivuja mpaka kwenye nyuzi za gitaa. Niliuona ule waya wa sauti ukipita sakafuni mahali watu wanapocheza. Na nilimwona mwimbaji akisogeza mdomo mpaka kwenye chuma cha maikrofoni, kilichounganishwa na udongo kupitia kaunta, kama alivyofanya kila alipofika kwenye ubeti wa huzuni.

Utingo wa gari la Mutomo alianza kuita abiria karibu saa tano. Mto umeshuka. Nilimpa mfuko wangu wa nguo, akautupa juu. Nikaweka mguu kwenye ngazi.

"Ingia basi, kaka, unaziba njia."

"Nishushie mfuko," nikasema.

"Sasa hivi umenipa!"

"Nishushie."

Alinitusi kwa Kikamba, vizuri sana, na watu wakacheka. Nilivuka barabara nikasimamisha lori la kwanza lililoelekea Mombasa. Dereva alikuwa mtu wa pole pole. Nilimwomba aongeze mwendo, akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema bado.

Tulifika Mtito saa nane na kitu. Muziki haukusikika. Nilijiambia labda wamepumzika kidogo. Mbele ya baa watu walikuwa wamesimama makundi makundi, chupa mikononi, bila kunywa.

Mama wa jikoni ndiye aliyenieleza, kwa sababu ndiye aliyekuwa na akili ya kufanya kitu. Dereva mmoja akicheza alijikwaa kwenye waya wa sauti na kuuchomoa. Tarumbeta ya nje ikanyamaza, lakini gitaa likaendelea ukumbini, na hakuna aliyejali. Mwimbaji akasogea kwenye maikrofoni kuanza ubeti. Mdomo ulipogusa chuma, mwili wake ukakaza. Hakupiga kelele. Mkono wa kushoto ulibana shingo ya gitaa na haukuachia. Watu walidhani ni mbwembwe, wakapiga makofi.

"Nilimwona macho," mama wa jikoni akasema. "Macho hayakuwa ya mtu anayecheza. Nikakimbia kwenye meni swichi, nikaizima stima."

Nilimkuta zahanati, kwenye kitanda cha mwisho. Alikuwa hai. Midomo ilikuwa imevimba na kupasuka, na mkono wa kushoto ulifungwa bandeji mpaka kifundoni. Tabibu alisema moyo uko sawa, ila vidole viwili nyuzi zimevichoma mpaka ndani, na mishipa hajui itarudi kiasi gani. Tajiri alikuwa amekaa kando ya kitanda, kofia magotini. Aliponiona alisimama.

"Ni ajali," akasema haraka. "Stima ni stima."

Mwimbaji alinitazama. Hakuweza kusema vizuri. "Umerudi," akasema. "Mtoto?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila kitu isipokuwa swali hilo.

"Sikufika," nikasema. "Nilirudi kukuambia usipige. Ile plagi niliikata waya wa ardhi. Ndiyo sababu ilinyamaza. Nilijua ni hatari."

"Nyamaza wewe," Tajiri akaninong'oneza.

"Ulijua?" mwimbaji akauliza.

"Nilijua."

Alifumba macho. Nilisubiri anitukane, au anisamehe, chochote. Akageuza uso ukutani, na baada ya muda pumzi zake zikawa za mtu aliyelala, ingawa sidhani alikuwa amelala.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya vilima, nilikwenda kwenye kibanda cha jenereta ya zamani, nikavuta waya wote wa stima uliokuwa umebaki mle. Niliupitisha kutoka soketi ya kaunta, juu darini, mpaka jukwaani. Ulining'inia kama kamba ya nguo. Tajiri alisimama akanitazama. Nikaunga tena waya wa tatu. Nikaitoa ile transfoma, nikaiweka juu ya kaunta mbele yake, upande wake ulioungua ukimtazama. Wiki mbili baadaye ilikuja nyingine kutoka Nairobi. Tulipoiwasha amplifaya, hakukuwa na mvumo hata chembe. Kazi ya ule waya ilinichukua saa tatu na bisibisi moja, na ningeweza kuifanya ile Ijumaa kama ningethubutu kumwambia mtu mwenye ukumbi kwamba darini patapita waya, apende asipende.

Kipande changu kilibaki mfukoni mwangu. Tajiri hakukiomba tena. Wiki ile ile alifungua sefu na kuwarudishia wengine vyao, kimya kimya, kama mtu anayegawa chai. Wawili waliondoka siku ya pili yake. Mimi nilibaki.

Hili ndilo watu wasilolielewa nikilisimulia. Wanasema, mlango ulifunguliwa, ulikaa kwa nini? Nilikaa kwa sababu mwimbaji hakuwa na pa kwenda na mkono ule, na chumba chetu kilikuwa cha watu wa bendi. Bendi isiyo na gitaa haipo. Kwa hivyo nilichukua gitaa lake la solo, nikajifunza nyimbo zake, naye akawa anaimba tu, amesimama hatua nzima kutoka kwenye maikrofoni. Nilipokosea alijua. Vidole vyake vitatu vilivyobaki vilikuwa vikibonyeza paja la suruali mahali nilipopaswa kubonyeza, nami nikawa namtazama paja badala ya uso. Aliendelea kunichotea maji asubuhi, kwa mkono wa kulia. Nilimwomba aache. Hakuacha. Tulizungumza juu ya chakula, mvua, madereva. Lile jambo halikutajwa hata mara moja, na ukimya huo ulikuwa mzito kuliko ule mvumo, kwa sababu huu sikujua pa kuutafuta.

Niliandika barua nyumbani kwamba kazi imenishika. Mke wangu alijibu kwa mstari mmoja: kazi gani?

Ilikuwa miezi kumi na moja. Mwishowe mwimbaji ndiye aliyeondoka kwanza. Asubuhi moja nilimkuta ameketi kitandani amevaa viatu. Alisema dada yake ameolewa mjini Wote na shemeji yake ana duka la nafaka sokoni, anahitaji mtu wa kusimamia mizani.

"Nitakusindikiza," nikasema.

"Hapana," akasema. "Wewe nenda kwenu."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Tajiri alinipa mkono, akanishika bega kama zamani, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu kuhusu mwezi. Tseikuru nilifika siku ya tatu, na gari la mwisho likaniacha mbali nikatembea. Binti yangu alikuwa anatembea pia. Aliponiona alisimama, akanitazama kama anavyotazamwa mgeni anayeuliza njia, kisha akaenda kumshika mama yake sketi. Ilichukua msimu mzima wa mvua kabla hajakubali nimbebe.

Nilifungua karakana ya redio Mwingi na gitaa sikulishika tena. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipata kazi ya kufunga stima katika nyumba moja Wote, na siku ya soko nikapita kwenye mistari ya nafaka. Nilimwona mwimbaji kabla hajaniona. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa anapima mbaazi, akimimina kwa mkono wa kulia na kushikilia mdomo wa gunia kwa kushoto, vidole viwili vimejikunja ndani. Karibu naye alisimama mwanamke akishona gunia.

Tulisalimiana vizuri. Aliniuliza binti yangu yuko darasa la ngapi, nikamwambia. Yule mwanamke akanitazama, akamtazama yeye, akingoja.

"Huyu tulifanya kazi pamoja Mtito," akamwambia. "Ni fundi mzuri."

Kisha mteja akauliza bei ya kunde, naye akageuka kumhudumia.